Nyumba ya masista Bagamoyo, 1876: nani anaweza kunieleza jengo lenyewe?

Mwalimu wa Historia

Wakuu, heshima zenu. Nafundisha historia sekondari, na muhula huu nilipeleka kidato cha tatu Bagamoyo, kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Tulitembezwa vizuri. Tuliona mnara wa kanisa la kwanza, pale mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi inayoitwa Zambia leo. Tuliona mbuyu na kipande cha mnyororo ambao Madame Chevalier alifungia punda wake. Tulipita makaburini, watoto wakasoma umri wa wale wamisionari wakanyamaza. Mwisho tukaingia makumbusho. Hapo mwongozaji akasema kwa pumzi moja kwamba jumba hili lilikuwa nyumba ya masista, lilijengwa mwaka 1876, kisha akahamia kwenye pingu na picha za zamani.

Msichana mmoja alibaki nyuma, ameweka kiganja ukutani. Akaniuliza, "Mwalimu, masista gani hao? Na ukuta mnene hivi ulisimamaje bila saruji?" Nimemwahidi jibu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Ninayo sababu nyingine pia. Parokia yetu iko pwani vilevile, na tunayo nyumba ya masista ya zamani, ya mawe na chokaa. Masista wenyewe walishahamia nyumba mpya. Halmashauri ya walei imegawanyika: kundi moja linataka ivunjwe tujenge hosteli na ukumbi wa kukodisha harusi, jingine linataka ikarabatiwe. Mimi nimo kwenye kamati ya majengo. Niliposema kikaoni kwamba ule ni urithi, mzee mmoja aliuliza kwa nia njema kabisa: "Urithi kwa maana gani? Kuna mtu mkubwa alilala pale?"

Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Nyumba ya watawa inapimwaje thamani yake kama jengo, ukiacha majina makubwa? Nataka kuanzia Bagamoyo kwa sababu ndiko kila mtu anakokujua, halafu nirudi na hoja kwenye kikao chetu.

Mhasibu wa Parokia

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mimi nakaa upande wa hesabu. Nyumba za namna hiyo zina vyumba vyembamba, choo kiko nje, umeme umepitishwa juu ya lipu, na paa likivuja fundi wa kawaida haligusi. Masista walihama kwa sababu hata ngazi zilikuwa zinawachosha. Parokia inalipa bili, watoto wa shule hawana bweni. Hosteli italeta kipato kila mwezi. Anayesema urithi atuambie pia nani atalipa. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu kila mwaka kwenye bajeti jina langu ndilo linaloulizwa.

Mwashi wa Pwani

Mwalimu, salaam. Mimi ni mwashi wa mawe na chokaa, kazi niliyofundishwa na baba yangu naye alifundishwa na wajomba zake. Nimefanya kazi kwenye kuta za Bagamoyo, Pangani na Unguja. Huyo msichana wako aliyeshika ukuta ameanza mahali panapostahili, na nitamjibu yeye kwanza.

Mapadre walifika Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, Padre Horner akiwa kiongozi wao. Miaka ya mwanzo majengo mengi ya misheni yalikuwa ya miti, udongo na makuti. Tarehe 15 Aprili 1872 ikaja dhoruba ile kubwa iliyong'oa minazi na mikarafuu Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Bagamoyo misheni ililala chini. Ukitaka kuelewa kwa nini mawe, anzia siku hiyo. Kanisa lenye ule mnara ni la 1872. Nyumba ya mapadre ilianza 1873. Nyumba ya masista ni ya 1876. Zipange tarehe hizo ubaoni uone: watu waliopeperushiwa kila kitu wameamua kubaki, wanajenga moja baada ya jingine, na masista wanapewa nyumba ya kudumu ndani ya miaka minne tangu dhoruba. Mtu wa makuti anaweza kuondoka kesho. Aliyechoma chokaa hana mpango wa kuondoka.

Sasa ukuta. Jiwe letu la pwani ni la matumbawe, lenye vitundu vitundu, jepesi kuliko linavyoonekana. Lipo la kuchimbwa nchi kavu, gumu, la kujengea kuta. Lipo pia lile laini linalotolewa baharini likiwa bado bichi, la kuchonga kingo za milango na vidaka, na hilo hukauka likawa gumu. Chokaa inatokana na jiwe hilohilo. Unapanga magogo na miti, unapanga mawe juu yake, unawasha, linaungua mpaka linakuwa jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe na kupasuka kuwa unga. Halafu unaliacha likae. Baba yangu hakuigusa chokaa changa hata mwenye nyumba apige kelele namna gani, inakaa wiki nyingi, ikibidi miezi. Ikiiva unachanganya na mchanga na udongo mwekundu kidogo.

Ukuta unajengwa mnene, nusu mita na zaidi, nje na ndani mawe yamepangwa, katikati kifusi cha mawe madogo na chokaa. Unapanda kidogo, unasubiri, unapanda tena, kwa sababu chokaa inashika polepole kwa kuvuta hewa. Hapo ndipo jibu la "bila saruji" lilipo. Ukuta wa chokaa unaendelea kuwa mgumu miaka mingi baada ya fundi kuondoka. Nyumba ikitulia kidogo upande mmoja, chokaa inakubali kupinda pamoja nayo, na ufa mdogo unaweza kujiziba wenyewe maji ya mvua yanapoyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha tena kwenye ufa.

Mwambie pia aangalie juu. Sakafu ya ghorofa kwenye nyumba za zamani za pwani inabebwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka una urefu wake. Ndiyo sababu vyumba vyetu vya kale vina upana wa karibu mita mbili na nusu, au tatu ukibahatika. Ndugu yetu Mhasibu anasema vyumba ni vyembamba. Ni kweli, na wembamba huo umeandikwa na mti wenyewe uliokatwa kwenye delta. Ukiingia nyumba ya mawe ya pwani unaweza kukadiria urefu wa boriti bila kupanda darini. Mwanafunzi akilijua hilo, kila nyumba ya kale inakuwa kitabu kwake.

Nikija kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote: mpango wa nyumba ya watawa. Watu hudhani jengo la misheni ni la Kizungu lililoletwa limekamilika. Nenda utazame. Mawe ni yetu, chokaa ni yetu, na namna ya kupanga mawe hayo pwani ilikuwepo karne nyingi, kawaulize magofu ya Kaole, hapo hapo karibu. Kilichokuja na meli ni utaratibu: kengele, kikanisa, bwalo, chumba cha kushonea, chumba cha kupokea wageni, mahali ambapo mgeni anakoma na mahali ambapo sista peke yake anaingia. Na hapa mambo mawili yalikutana kirahisi kuliko inavyodhaniwa. Nyumba ya mawe ya Mswahili imejengwa kwa sitara: unaingia kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, unageuka, wanawake wako ndani zaidi, ua unaleta mwanga na hewa. Nyumba ya masista nayo inataka sitara. Fundi wa pwani aliyeambiwa "hapa mgeni asione ndani" hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Tofauti iko kwenye madirisha. Nyumba ya kale ya mjini inaonyesha mtaani ukuta mtupu. Wamisionari walitaka madirisha makubwa pande zote upepo wa bahari upite, hasa kwa sababu homa ilikuwa inawamaliza na wakati ule waliamini hewa mbaya ndiyo inayoleta ugonjwa. Dirisha kubwa kwenye ukuta wa matumbawe ni kazi. Lazima uweke tao au boriti nzuri juu, na kando za dirisha uzipange kwa mawe makubwa zaidi. Ukiona nyumba ya zamani ya misheni ina nyufa zinazopanda kutoka pembe za madirisha, hapo ndipo palipotaka ustadi.

Itazame nyumba ya mapadre, ile ya ghorofa. Veranda zake za matao ziliongezwa 1903, miaka kama 30 tangu msingi kuwekwa. Maana yake waliishi humo na jua la mchana na mvua ya kusi ikipiga ukuta moja kwa moja, mpaka wakaamua kuivalisha nyumba kivuli. Pwani nzima kuna majengo yaliyojifunza hivyo. Jengo linalobadilishwa na watu wanaoishi ndani yake lina habari nyingi kuliko lililobaki kama siku ya kwanza, na ndiyo maana nasema usiwaruhusu mafundi wabomoe kila kilichoongezwa baadaye kwa hoja ya kurudisha asili.

Kwa hiyo yule mzee wa halmashauri mjibu hivi: ukuta wenyewe ndio mtu mkubwa. Sijui fundi mmoja wa pwani ninayeweza kumkusanyia leo vijana watano wanaojua kuivisha chokaa. Jengo la namna hiyo likivunjwa, mawe yake yanakwenda kujaza barabara na ujuzi uliokuwa umesimama pale mbele ya macho hauna tena mahali pa kuonyeshwa.

Binti wa Bweni

Nimelelewa na masista shule ya msingi na sekondari, nawajibu kuhusu "masista gani", maana hilo hata makumbusho mengi hulipita haraka.

Waliokuja kwanza walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria kutoka kisiwa cha Réunion. Walifika Unguja Desemba 1860 pamoja na Padre Fava, kabla hata ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kukabidhiwa misheni ile, wakafungua huduma za wagonjwa na watoto. Bagamoyo ilipoanzishwa nao wakavuka.

Shirika lenyewe lilianzishwa Réunion mwaka 1849. Utumwa kisiwani humo ulikomeshwa tarehe 20 Desemba 1848. Hiyo ni miezi michache tu kabla. Mwanzilishi wao, Aimée Pignolet de Fresnes, alitoka familia ya walowezi, na tangu mwanzo shirika lilipokea weupe, machotara na wanawake weusi waliotoka utumwani, wakae nyumba moja, wale meza moja, wavae shela moja. Kwenye koloni la mashamba ya miwa la miaka ile, jambo hilo liliudhi watu wengi.

Sasa fikirini nani alikuwa akimpokea msichana aliyekombolewa pale Bagamoyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, lakini majahazi yaliendelea kukamatwa baharini na watoto waliomo kugawiwa kwa misheni. Msichana wa miaka tisa kutoka bara, hajui lugha ya mtu yeyote, anashushwa ufukweni, anapelekwa upande wa masista. Huenda aliyemvua matambara na kumwogesha alikuwa mwanamke ambaye mama yake mwenyewe aliwahi kuuzwa. Nikisimama kwenye nyumba ile nawaza hilo kwanza. Livingstone namheshimu, lakini alipita usiku mmoja akiwa maiti. Masista hawa walikaa, wakaugua, wakafa, wakazikwa, na wasichana wakalelewa mikononi mwao mpaka kuolewa.

Kwa hiyo Mwalimu, mtafute mwanzo wa nyumba yenu. Ilikuwa ya shirika gani, walitoka wapi, ilikuwa na bweni, zahanati, unovisi, yaani malezi ya wanaojiandaa kuwa masista? Nyumba ya unovisi ina uzito wa peke yake, kwa sababu hapo ndipo wasichana wa Kiafrika walipoanza kuweka nadhiri. Masista wazee walio hai waulizeni sasa. Watakuonyesha mlango uliozibwa na mahali jiko lilipokuwa, vitu ambavyo hakuna ramani inayo.

Mwana wa Dunda

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, Mwislamu, na babu zangu waliuza samaki misheni. Naungana na Mwashi kuhusu mafundi wa pwani, na namshukuru kwa kuitaja Kaole. Naomba tu tusiipake historia asali. Watoto waliokombolewa waliishi kwa kengele. Asubuhi ibada, mchana shamba la minazi na vanila, jioni ibada tena. Wakikua waliozeshwa wao kwa wao na kupewa kibanda na kiwanja kwenye kijiji cha Wakristo. Wengine waliondoka usiku. Nyumba ya masista ilikuwa kimbilio na pia ilikuwa mahali pa amri, na jengo zuri la makumbusho linatakiwa kubeba yote mawili.

Ila niseme na hili. Wakati wa vita vya Abushiri, 1888 na 1889, Wajerumani walipoupiga mji kwa mizinga, maelfu ya watu wa mji walikimbilia ndani ya misheni, Waislamu kwa Wakristo. Kwetu hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo. Kwa hiyo majengo yale hata sisi tusioingia kanisani yanatuhusu.

Mstaafu wa Mambo ya Kale

Nitaongeza upande wa sheria, maana watu hudhani kila jengo kuukuu linalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868. Mnaona? Miaka mitano tu imeikosesha ulinzi wa moja kwa moja, na karibu nyumba zote za misheni za bara na pwani ziko baada ya mstari huo. Zilizochelewa mstari zinaweza kulindwa Waziri akizitangaza, kwa hiyo njia ipo, ila inahitaji mtu aombe na aeleze sababu.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu kwenye orodha ya awali, Bagamoyo ikiwa mwanzo wake na Ujiji mwisho. Kuwa kwenye orodha ya awali si sawa na kuwa Urithi wa Dunia, na hakuna fedha ndani yake. Nawaambia hili ili kamati isikae ikisubiri mtu wa nje. Kwa nyumba ya parokia, mwenye uamuzi ni Jimbo. Andikeni barua mapema kwa Askofu na kwa ofisi ya mambo ya kale, iwe na picha na historia fupi, kabla mkandarasi hajaitwa. Mkandarasi akishafika na nyundo, barua haina kazi.

Mwalimu wa Historia

Asanteni sana, wote. Dada Binti wa Bweni, habari ya Réunion nitaisoma darasani kama ilivyo. Ndugu Mwana wa Dunda, umenisaidia zaidi ya unavyodhani, kwa sababu nusu ya darasa langu ni Waislamu.

Mwashi, nina swali la mwisho, na Mhasibu wetu atalisoma pia. Miaka ya nyuma vyumba viwili vya chini vya nyumba yetu vilipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Sasa lipu inabanduka kama magamba na ukuta una vumbi jeupe lenye chumvi. Kundi la kuvunja wanasema huo ndio ushahidi kwamba mawe yamechoka. Je, ni kweli? Na ukarabati unaanzia wapi kwa parokia isiyo na fedha nyingi?

Mwashi wa Pwani

Mwalimu, mawe hayajachoka. Yanazuiwa kupumua.

Jiwe la matumbawe linanywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari, na maji hayo yana chumvi. Ukuta wa chokaa unayaruhusu kutoka nje taratibu, yanakauka usoni, chumvi kidogo inabaki, unafagia, unapaka chokaa upya baada ya msimu, maisha yanaendelea. Ukiufunika kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, inasukuma. Lipu inabanduka na inaondoka na uso wa jiwe. Huo unga mweupe unaouona ni ugonjwa wa saruji, na ukipiga saruji nyingine juu yake utarudi kunisalimia baada ya masika mawili.

Dawa yake haina gharama kubwa, ina subira. Bandueni saruji yote kwa mkono, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine. Acheni ukuta uchi ukauke msimu mzima wa kiangazi, madirisha yakiwa wazi. Fagieni chumvi kwa brashi kavu kila inapotokea, wala msiioshe kwa maji kwa sababu mtairudisha ndani. Halafu lipu ya chokaa iliyoiva, tabaka nyembamba, moja ikishika ndipo nyingine. Juu pakeni chokaa ya maji. Basi.

Lakini kabla ya yote hayo, pandeni kwenye paa. Nimeona nyumba za mawe zikifa, na karibu zote zilianza kufa juu. Bati moja limepeperushwa, maji yanashuka ndani ya ukuta pale mwisho wa boriti ulipochomekwa. Boriti ya mkoko inaishi miaka mingi sana ikiwa kavu, lakini ncha yake ikikaa kwenye chokaa yenye maji inaoza kama muhogo, na kutoka chini huoni kitu. Sakafu inashikiliwa na mazoea tu. Jumba la Maajabu la Unguja, Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu walikufa. Lilikuwa mfalme wa majengo ya pwani yote na lilikuwa limeshaonyesha dalili miaka mingi. Mhasibu, ndugu yangu, hofu yako ya gharama naielewa, lakini hesabu ya paa na mifereji ya maji ni ndogo kabisa kuliko zote utakazoletewa, na hiyo ndiyo inayookoa nyumba. Mengine yanaweza kusubiri harambee ya mwaka ujao na mwingine.

Na hosteli yako inaweza kuwa humo humo. Bagamoyo nyumba ya masista imekuwa makumbusho, imepata kazi mpya, mlango unafunguliwa kila siku, mtu anafagia, mtu anaona panapovuja. Nyumba ya watawa ilijengwa iwe na vyumba vidogo vingi kando ya korido, bwalo kubwa na jiko. Niambie wewe, hiyo inakosa nini kuwa bweni la wanafunzi? Vyoo na mabafu vijengeni pembeni, jengo dogo jipya lisiloegemea ukuta wa zamani, ili mabomba yakivuja yasilete maji kwenye mawe. Nyaya za umeme zipite kwenye bomba la nje linaloonekana, msichimbe mifereji ukutani.

Nyufa nazo zipimeni, msiziogope tu. Chukueni kipande chembamba cha kioo, kigandisheni kukatiza ufa, andikeni tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikikaa mzima mpaka mwaka uishe, ufa ni wa zamani na umelala, uzibeni kwa chokaa. Kikivunjika, nyumba bado inatembea, na hapo mtafute mhandisi anayejua majengo ya mawe, asiwe wa zege peke yake. Hii inaweza kuwa kazi ya wanafunzi wako. Wagawe wawili wawili, kila jozi na ufa wake na daftari lake. Wapime pia vyumba vyote kwa futi kamba, wachore, wapige picha kila mlango na kila bawaba. Ukienda kwenye kikao na daftari hilo, utakuwa na kitu ambacho kundi la kuvunja halina.

Boriti mbovu zikipatikana, kumbuka mikoko inalindwa, huwezi kwenda kuikata tu. Ombeni kibali maliasili, au mtumie mbao ngumu iliyokaushwa vizuri. Mimi sina tatizo na mbao mpya mahali ambapo ya zamani imeoza, mradi isipakwe rangi ya kuidanganya ionekane ya kale. Atakayekuja baada yetu ajue ipi ni ya masista na ipi ni yetu.

Nitumie picha tatu kwa ujumbe wa faragha: ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, chini ya paa upande unaopigwa na mvua, na mguu wa ukuta kwa nje pale maji yanapodondokea. Zipige wiki hii kabla vuli haijashika. Nikishaziona nitakuambia kama nyumba inahitaji nguzo za kuegemeza dari mara moja au inaweza kungoja kiangazi, na kama kuna vijana wawili watatu parokiani wanaotaka kujifunza kuivisha chokaa, wachimbe shimo la kuihifadhi sasa, lenye kivuli, ili ifikapo Juni iwe tayari.